Kukiri Kosa au Kufungua Moyo: Uwazi Upi Uhimizwe Kazini?

Meneja anapowaambia watu wake kwamba anataka wajiweke wazi zaidi na wasiogope kuonekana dhaifu, mara nyingi huwa ameomba mambo mawili tofauti kwa sentensi moja. La kwanza ni mfanyakazi kusema mbele ya wenzake kwamba amekosea hesabu, kwamba hajaelewa maagizo, au kwamba kazi aliyopewa imemzidi na anahitaji msaada. La pili ni mfanyakazi kueleza yaliyo moyoni na nyumbani mwake: ugonjwa anaoutibu kimyakimya, msiba ambao bado haujamtoka, ndoa inayoyumba, hofu inayomkosesha usingizi. Yote mawili yanahitaji ujasiri, na yote mawili humweka mtu mahali anapoweza kuumizwa, ndiyo maana huchanganywa kwa urahisi. Hata hivyo hayaleti faida ileile wala hayabebi hatari ileile, na kiongozi anayeyahimiza kwa pamoja huishia kulitetea la pili kwa ushahidi wa la kwanza.

Katika ulinganisho huu nitayaita uwazi wa kazi na uwazi wa moyo. Pembeni yake nitaweka chaguo la tatu ambalo siku hizi hudharauliwa bila kusikilizwa, yaani staha ya kawaida ya kazini, ambapo kila mmoja hutimiza wajibu wake na kubaki na mambo yake. Msimamo wangu nautanguliza ili msomaji aupime anapoendelea: uwazi wa kazi unastahili kuwa sera, uwazi wa moyo unastahili kuwa ruhusa tu, na staha inastahili kuheshimiwa kama haki ya yeyote anayeichagua.

Ushahidi umeegemea wapi

Mtafiti anayetajwa zaidi na wanaohimiza uwazi ni Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard, na kazi yake ilianza na fumbo. Katika miaka ya 1990 alikuwa akichunguza makosa ya utoaji wa dawa katika wodi za hospitali, akitarajia kwamba wodi zenye uongozi bora na maelewano mazuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikaonyesha kinyume, kwa kuwa wodi zenye uongozi bora ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi kwenye kumbukumbu. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba wauguzi wa wodi hizo hawakuwa wazembe kuliko wenzao, ila walikuwa tayari kusema, ilhali kwenye wodi za wasimamizi wakali makosa yalifichwa, na kosa lililofichwa halirekebishwi. Mwaka 1999 alichapisha utafiti wa timu 51 za kampuni moja ya uzalishaji, na humo akaeleza dhana ya usalama wa kisaikolojia: imani ya pamoja ya wanatimu kwamba mtu hataaibishwa wala kuadhibiwa kwa kuuliza, kukiri kosa au kutoa wazo linalopingana na la wengi. Kampuni ya Google, ilipoanza mwaka 2012 kuchunguza timu zake zipatazo 180 ili ijue ni nini kinachozitofautisha zinazofanya vizuri, ilikuta kwamba jambo hilohilo ndilo lililotangulia mengine yote.

Msomaji atazame kwa makini kilichopimwa katika tafiti hizo. Ni kuuliza maswali, kutaja makosa, kuomba msaada na kuibua matatizo mapema. Hakuna mahali ambapo watu walitakiwa kusimulia utoto wao au kutaja majeraha ya maisha yao. Huu ndio uwazi wa kazi kwa ukamilifu wake, na nguvu ya ushahidi iko hapo.

Sekta ya usafiri wa anga inaonyesha vizuri zaidi kwa nini uwazi huo una thamani na kwa nini haujitokezi wenyewe. Tarehe 28 Desemba 1978 ndege ya shirika la United, safari namba 173, ilianguka karibu na Portland nchini Marekani baada ya kuishiwa mafuta angani, na watu 10 walifariki. Rubani mkuu alikuwa ameshughulishwa na hitilafu ya magurudumu ya kutua. Wasaidizi wake waliona mafuta yakipungua na waliyataja, lakini si kwa uzito wa kumfanya abadili uamuzi. Mwaka uliofuata NASA iliitisha warsha kuhusu namna wafanyakazi wa chumba cha marubani wanavyowasiliana, na mwaka 1981 United ikaanza kutoa mafunzo ya kumfundisha msaidizi kusema kwa uthabiti na kumfundisha rubani mkuu kusikiliza. Kabla ya hapo, mwaka 1976, Marekani ilikuwa imeanzisha mfumo ambao marubani na waongozaji wa ndege wanaweza kuripoti makosa yao wenyewe kwa siri. Jambo la busara katika mfumo huo ni kwamba taarifa hupokelewa na NASA, ambayo haina mamlaka ya kumwadhibu rubani, wala hazipelekwi moja kwa moja kwa mamlaka inayotoa leseni, na majina huondolewa. Waliouunda walielewa kwamba kumwambia mtu awe jasiri hakutoshi ikiwa anayempokelea maungamo ndiye pia mwenye rungu.

Uwazi wa moyo una faida gani

Itakuwa dhuluma kusema kwamba uwazi wa moyo hauna faida kazini. Unazo, na baadhi yake ni kubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba msongo wa huzuni na wasiwasi huugharimu ulimwengu siku bilioni 12 za kazi kila mwaka, na sehemu ya hasara hiyo hutokana na watu kubeba mzigo peke yao mpaka wakaanguka. Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua. Mfanyakazi anayeweza kumwambia msimamizi wake kwamba anapitia kipindi kigumu hupata nafasi ya kupunguziwa majukumu kwa muda, kubadilishiwa zamu au kuelekezwa kwa mshauri nasaha kabla mambo hayajaharibika, na mwenzake anayemsikia hugundua kwamba hayuko peke yake katika shida ya namna hiyo.

Zaidi ya hayo, hofu yetu ya kujionyesha huwa kubwa kuliko hali halisi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Mannheim nchini Ujerumani, Anna Bruk na wenzake, walionyesha kwamba watu hujihukumu kwa ukali zaidi wanapofikiria kujiweka wazi wao wenyewe kuliko wanavyomhukumu mwingine anayefanya jambo hilohilo. Kuomba msamaha au kukiri upungufu huonekana kwa mtendaji kama aibu, na kwa mtazamaji mara nyingi huonekana kama ujasiri. Matokeo haya hutumiwa sana kuwashawishi watu wajifungue. Nami nayakubali, kwa tahadhari moja: kuonekana jasiri machoni pa mtazamaji asiye na cha kupoteza si sawa na kuwa salama mbele ya mtu anayeamua kama mkataba wako utaongezwa.

Utafiti ninaouona kuwa wa maana kuliko yote kwa upande huu ni ule wa Robin Ely na Debra Meyerson kwenye majukwaa mawili ya kuchimba mafuta katika Ghuba ya Mexico. Wafanyakazi huko walikuwa wamezoea utamaduni wa kujionyesha wagumu, wasiochoka na wasiokosea, kisha kampuni ikaamua kuubadili, ikawafundisha kukiri mipaka ya miili yao, kusema wazi walipokosea na hata kuzungumzia hisia zao. Katika kipindi cha miaka 15 ya mabadiliko hayo kiwango cha ajali cha kampuni kilishuka kwa asilimia 84. Idadi hiyo haiwezi kuhesabiwa yote kama tunda la kuongea hisia, kwa sababu taratibu za kazi nazo zilibadilishwa katika kipindi hichohicho. Lakini kinachonivutia ni sababu iliyotolewa kwa wafanyakazi: walijifunua kwa ajili ya usalama. Tuseme fundi anakuja zamu ya alfajiri akiwa hajalala kwa sababu mtoto wake anaumwa. Akisema hivyo kwenye kikao cha kuanza kazi, wenzake watajua wasimweke kwenye winchi siku hiyo. Habari ya nyumbani imeingia kazini kwa mlango wa kazi, ikabadilisha mpangilio, na ikaishia hapo. Hakuna aliyemtaka aeleze mtoto anaumwa nini, wala wanaelewanaje na mama yake.

Kipimo hiki ndicho ningependa kila kiongozi akibebe. Swali la kuuliza ni kama taarifa hii itabadilisha namna tunavyogawana kazi, tunavyolindana au tunavyopanga muda. Ikiwa jibu ni ndiyo, inafaa kuwe na njia salama ya kuisema, tena kwa kiasi kinachohitajika tu. Ikiwa jibu ni hapana, mtu akiisema kwa hiari yake apokewe kwa wema, ila asitafutwe aiseme.

Kuongea si dawa kila mara

Kuna imani iliyoenea kwamba kulitoa jambo moyoni ni nafuu siku zote, na kwamba anayekataa anajidhuru. Ushahidi hauungi mkono imani hiyo kwa ukamilifu. Kwa miaka mingi ilikuwa desturi kwa waliopatwa na tukio la kutisha, wakiwemo askari wa zimamoto na wahudumu wa dharura, kukusanywa muda mfupi baada ya tukio na kutakiwa kusimulia waliyoyaona na waliyoyahisi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, mwaka 2002 yalikuta kwamba kikao kimoja cha namna hiyo hakikuzuia athari za kisaikolojia za baadaye, na yakapendekeza kwamba kuwalazimisha watu wahudhurie kukomeshwe. Ikiwa hali ni hiyo kwa vikao vilivyoendeshwa na watu waliofundishwa, na kwa watu waliokuwa na sababu dhahiri ya kusaidiwa, sioni kwa nini tuamini kwamba mchezo wa saa mbili wa kufunguliana mioyo katika semina ya kuimarisha timu utawaponya watu waliokuja kujadili malengo ya robo mwaka.

Kuna pia hatari ya kurudiarudia. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Amanda Rose, aliyechunguza urafiki wa watoto na vijana, alieleza tabia ya marafiki kulichambua tatizo lilelile tena na tena bila kulitatua. Aliikuta ikienda pamoja na urafiki wa karibu zaidi, na papo hapo na dalili nyingi zaidi za huzuni na wasiwasi. Aliyewahi kukaa katika ofisi ambayo kila mapumziko ni kikao cha malalamiko hatashangaa. Watu hupendana zaidi na kuchoka zaidi kwa wakati mmoja, na kiongozi anayetazama ukaribu tu atadhani mpango wake umefanikiwa.

Nani hulipa gharama

Hapa ndipo ulinganisho unapokuwa mzito kuliko kwingine, kwa sababu kuonekana dhaifu hakuna bei moja. Mwaka 1966 Elliot Aronson na wenzake walifanya jaribio ambalo bado linafundisha. Waliwasikilizisha wanafunzi kanda ya mshindani wa chemsha bongo. Katika kanda moja mshindani alijibu karibu maswali yote kwa usahihi, katika nyingine alijibu machache tu, na baadhi ya wasikilizaji walimsikia mwishoni akijimwagia kahawa. Mshindani hodari alipendwa zaidi baada ya ajali hiyo ndogo, ilhali yule wa kiwango cha kawaida alipendwa pungufu. Kosa lilikuwa lilelile, na kahawa ilikuwa ileile. Kwa hiyo anayeweza kunufaika na udhaifu wake ni yule ambaye umahiri wake hauna shaka tena. Kijana aliyeajiriwa juzi na bado anapimwa hana akiba hiyo ya kuchota.

Vigezo vingine navyo huingia. Victoria Brescoll na Eric Uhlmann walionyesha mwaka 2008 kwamba mwanamume aliyeonyesha hasira kazini aliongezewa hadhi na watazamaji, wakati mwanamke aliyeonyesha hasira ileile alipunguziwa, na hasira yake ikachukuliwa kuwa ni tabia yake badala ya kuwa jibu la jambo lililotokea. Ukihimiza timu nzima ionyeshe hisia bila kulifikiria hili, umewaalika watu kwenye mchezo mmoja wenye sheria mbili. Ndivyo ilivyo pia kwa mtu wa kundi dogo ambaye tayari anadhaniwa hafai, kwa mwenye ulemavu usioonekana, au kwa mfanyakazi wa mkataba anayekaa karibu na mwenye ajira ya kudumu. Mwenye ajira ya kudumu akisema amechoka, ataambiwa apumzike. Wa mkataba akisema hivyohivyo, huenda mkataba wake usiongezwe, na hakuna atakayemwambia sababu.

Si kwamba wakubwa hawana hatari yao. Kerry Roberts Gibson, Dana Harari na Jennifer Carson Marr walichapisha mwaka 2018 majaribio yaliyoonyesha kwamba mwenye cheo cha juu anapomfunulia mwenzake wa kazi udhaifu wake, ushawishi wake hupungua na migongano huongezeka, athari ambazo hazikuonekana pale waliofunuliana walipokuwa na hadhi sawa. Hili halipingani na jaribio la kahawa kama linavyoweza kuonekana kwa haraka. Kujimwagia kinywaji hakugusi uwezo ambao watu wanautegemea kwa kiongozi, ilhali udhaifu mzito aliofunuliwa mtu anayengoja maamuzi yake unaugusa.

Gharama nyingine haina mtu mmoja wa kuilipa, nayo ni ile ya kulazimika kuonyesha hisia kama sehemu ya kazi. Arlie Hochschild alieleza mwaka 1983, akiwachunguza wahudumu wa ndege, jinsi tabasamu linavyoweza kuwa zao linalonunuliwa na mwajiri pamoja na saa za kazi, na jinsi mtu anavyochoka kwa kuhisi anachotakiwa kuhisi. Utamaduni wa uwazi wa moyo, ukisimamiwa vibaya, haumwondolei mtu mzigo huo. Humbadilishia vazi tu. Zamani alitakiwa aonekane mchangamfu hata akiwa na huzuni, sasa atakiwe awe na huzuni ya kusimulia hata akiwa hana, la sivyo ataandikwa kwenye tathmini kwamba yeye ni mtu wa kujifungia na hachangii umoja wa timu. Kwa maoni yangu, pale ambapo kujifunua kumeingizwa kwenye vigezo vya tathmini ya utendaji, mpango wote umekwisha kuharibika, hata kama nia ilikuwa njema.

Lililosemwa halirudi

Tofauti nyingine kati ya aina hizi mbili ni maisha ya taarifa baada ya kusemwa. Kosa la kazi lina mwisho: linasemwa, linarekebishwa, utaratibu unabadilishwa, na baada ya miezi michache hakuna anayelikumbuka ila kama funzo. Habari za moyo hazina mwisho wa namna hiyo. Aliyesikia mwaka huu kwamba mwenzake aliwahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili ataendelea kujua hivyo mwaka ujao, hata baada ya kupandishwa cheo na kuwa msimamizi wake. Tena habari husafiri; usimwage mtama penye kuku wengi ni onyo lililotolewa kwa sababu ya kikao cha namna hiihii.

Mara nyingi madhara huja kwa sura ya huruma. Msimamizi anayejua kwamba mfanyakazi wake anatibiwa huzuni huamua kutompa mradi mkubwa ili asimlemee, na hamuulizi. Anaona amemtendea wema, kumbe amemfungia njia ya kupanda, na mwathirika hawezi hata kulalamika kwa kuwa hakuna barua wala uamuzi wa kuukatia rufaa. Sheria nyingi za ulinzi wa taarifa binafsi, ikiwemo kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika mwaka 2018, huziweka taarifa za afya katika kundi linalohitaji ulinzi wa ziada. Mwajiri anayewahimiza watu waziseme hadharani katika kikao, kisha mtu akaziandika kwenye muhtasari au zikarekodiwa na programu ya mikutano ya mtandaoni, amejitengenezea tatizo la kisheria kwa mkono wake. Idara ya rasilimali watu inapaswa kushirikishwa kabla ya semina, si baada ya malalamiko.

Kiongozi aanze vipi

Ushauri unaotolewa kila mahali ni kwamba kiongozi aanze yeye. Ushauri huo ni sahihi nusu, kwa maana hautaji aanze na nini. Constantinos Coutifaris na Adam Grant walichapisha mwaka 2022 utafiti uliolinganisha njia mbili. Baadhi ya viongozi walielekezwa kuwaomba wanatimu maoni kuhusu utendaji wao. Wengine walielekezwa kuwasimulia wanatimu ukosoaji ambao wao wenyewe walikuwa wamepokea hapo awali. Baada ya mwaka mmoja, waliosimulia ukosoaji ndio ambao timu zao zilikuwa bado na usalama wa kisaikolojia ulioongezeka, wakati athari ya kuomba maoni ilikuwa imefifia. Wanaoomba maoni mara nyingi hujitetea wanapoyapata au hawayafanyii kazi, na watu huacha kuyatoa. Anayesema kwamba aliwahi kuambiwa hasikilizi, na kwamba bado anajitahidi kulirekebisha hilo, amewapa wenzake jambo la kumkumbusha bila woga.

Ukosoaji wa namna hiyo ni uwazi wa kazi. Ndio unaodumu, na ndio ambao kiongozi anaweza kuutoa bila kuwatwisha wengine mzigo. Linganisha kauli mbili za meneja wakati wa misukosuko. Akisema kwamba hana jibu leo, kwamba ameuliza makao makuu na kwamba Ijumaa atarudi na alichokipata, amekiri mpaka wake na papo hapo amewaachia watu kitu cha kushika. Akisema kwamba hajui kama kampuni itafika mwisho wa mwaka na kwamba hapati usingizi, huenda amesema kweli zaidi, lakini hofu yake ameihamishia kwa watu wasio na mamlaka ya kuitatua, ambao jioni hiyohiyo wataanza kutafuta kazi kwingine. Kiongozi naye ni binadamu na anahitaji mtu wa kumweleza hofu hizo. Mtu huyo awe kiongozi mwenzake, mshauri au rafiki, asiwe yule ambaye mshahara wake unapitia mezani pake.

Staha nayo ina utetezi wake

Kuna watu ambao kazi ndiyo saa zao nane za kupumzika kutokana na matatizo ya nyumbani. Kwao, kuulizwa kila Jumatatu wanajisikiaje moyoni ni kunyang'anywa mahali pekee ambapo msiba haujafika. Wengine wamelelewa katika adabu ya kutomwaga mambo ya ndani mbele ya wasio ndugu, na hawana kasoro yoyote inayohitaji kutibiwa. Timu yenye staha inaweza kuwa na upendo mwingi unaoonekana kwa vitendo, kama vile kumshikia mwenzako zamu bila kumuuliza anakwenda wapi.

Udhaifu wa staha ni mmoja, ila ni mkubwa: isiposimamiwa huyafunika na makosa ya kazi. Mahali ambapo hakuna anayesema amechoka, si ajabu kukuta pia hakuna anayesema kwamba mashine inatoa mlio usio wa kawaida. Kwa sababu hiyo staha inafaa tu ikiwa imeambatana na uwazi wa kazi, na muungano huo wa viwili, ambao haunadiwi na semina yoyote ninayoijua, ndio ningeuchagua kwa sehemu nyingi za kazi.

Kuchagua kulingana na mahali ulipo

Kabla ya kuchagua lolote, kiongozi ajiulize nini kilimpata mtu wa mwisho aliyekiri kosa mbele yake. Ikiwa alikemewa hadharani, alihamishwa au alikatwa mshahara, basi hakuna aina ya uwazi inayoweza kuhimizwa hapo kwa sasa, na kuialika ni kuwategea watu mtego. Kazi ya kwanza itakuwa kutenganisha kosa la kibinadamu na uzembe wa makusudi katika kanuni za nidhamu, kisha kuonyesha tofauti hiyo kwa tukio halisi ambalo watu wataliona.

Katika kazi ambazo kosa huua au hujeruhi, kama hospitali, viwanda, ujenzi na usafiri, uwazi wa kazi si suala la hiari, na habari za nyumbani zinazogusa umakini wa mtu zinahitaji njia fupi ya kusemwa. Neno moja la kusema kwamba leo sipo sawa linatosha, ili mradi wote wamekubaliana kwamba anayelisema hahojiwi zaidi na hapotezi malipo yake. Katika kazi za kusaidia watu wenye maumivu, kama ustawi wa jamii na huduma za dharura, uwazi wa moyo una nafasi kubwa zaidi kwa kuwa hisia hizo zimezaliwa na kazi yenyewe. Hata huko ni bora usikilizwe na msimamizi wa kitaaluma asiyehusika na tathmini ya mtu, na kuhudhuria kuwe kwa hiari.

Katika timu ya muda, timu yenye mchanganyiko wa walioajiriwa na walio kwenye mikataba, au timu iliyotangaziwa kwamba watu watapunguzwa, ningejizuia kabisa kuitisha vikao vya kufunguliana mioyo, kwa sababu kila linalosemwa linasemwa mbele ya mizani. Katika timu ndogo iliyokaa pamoja miaka mingi hakuna haja ya kuitisha kikao, kwani ukaribu huo huwa umeshakuja wenyewe na unahitaji tu kuachwa.

Na ikiwa semina imeshalipiwa, na mwezeshaji ameandaa zoezi la kila mmoja kusimulia jambo lililowahi kumuumiza maishani, kiongozi anaweza kumwomba abadilishe swali, kila mmoja aeleze ni wakati gani kazini alihitaji msaada na hakujua amwombe nani. Majibu ya swali hilo yanaweza kuandikwa ubaoni, kujadiliwa mbele ya wote na kugeuzwa kuwa utaratibu kabla ya watu kurudi kwenye meza zao.